Mbatata, Bafta na Kazi Yangu ya Kuumwa

Nimestaafu Jumatano iliyopita, baada ya kutumikia miezi saba na siku kadhaa bila ya kukosa kazini hata siku moja. Nina umri wa miaka kumi na saba. Najua wapo watakaosema huo ni umri mdogo wa kustaafu, lakini hao hawaijui kazi yenyewe. Nilikuwa mgonjwa wa kichwa. Niliianza bila ya kuomba, bila ya usaili, na bila ya kujua kama nafasi ilikuwa wazi.

Nawaandikia wenzangu watakaoajiriwa baada yangu, maana watakuwapo. Mjini vichwa ni vingi na vitu vya kuviangukia vimejaa. Ya vyeo na mshahara nayaruka. Cheo kikubwa nilichopata ni "maskini", na malipo yalikuwa machungwa, ambayo mara nyingi aliyeyaleta aliyamenya mwenyewe na kuyala mwenyewe huku akinipa habari za wifi yake. Mimi ni mtu wa haya. Mbele za watu maneno hunikauka mdomoni. Kwenye daftari sina haya, kwa hiyo nitasema yote, na mama akilisoma itakuwa shauri yake.

Sisi tunakaa Kiponda, mjini Unguja, chini, katika jumba la zamani la ghorofa tatu. Juu kabisa anakaa Bi Shirin, fundi cherehani aliyeacha kazi, ambaye magoti yake hayaelewani na ngazi. Basi yeye hashuki, hushuka kikapu chake. Hukifunga kamba akakiteremsha dirishani mpaka njiani, muuzaji akatia mikate au samaki au embe, naye akakivuta juu huku akinung'unika kwamba amepunjwa. Kwetu jambo hilo halimshughulishi mtu. Tunapita chini ya vikapu tangu tunajifunza kutembea.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa natoka skuli, begi mgongoni, nakariri sehemu za moyo kwa ajili ya mtihani wa bayolojia. Kikapu cha Bi Shirin kilikuwa kinapanda, na ndani mlikuwa na mbatata. Kamba ilikuwa ile ile aliyokuwa nayo kabla sijazaliwa. Nikasikia juu mtu anapiga ukelele, "Haa!" Hapo nikafanya kosa ambalo nawasihi wenzangu msilifanye. Nilisimama. Mtu wa mjini akisikia "Haa!" hakimbii, husimama, asije akapitwa na habari. Habari ikanikuta utosini.

Sikuzimia. Nilijikuta nimekaa njiani, mbatata zinaviringika kuelekea kwa kinyozi. Neno la kwanza nililolisikia lilitoka ghorofa ya tatu.

"Jamani ziokoteni, zisije zikakanyagwa!"

Nisimdhulumu Bi Shirin. La pili lilikuwa, "Mtoto wa nani huyo?" Na alipojua ni mimi alilia kwa sauti, mtaa mzima ukatoka nje, na kinyozi akaja na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Spitali nilipokewa na daktari kijana mwenye miwani. Alinimulika macho, akanambia nifuate kidole chake, nitembee juu ya mstari wa vigae, kisha nitaje miezi kwa kurudi nyuma. Nilikwenda vizuri mpaka Septemba, nikageuka nikarudi Oktoba.

"Ubongo umetikisika," alimwambia mama. "Mfupa mzima. Siku mbili tatu apumzike kweli kweli, simu aache, vitabu aache, kelele aepuke. Akianza kutapika sana au akasinzia mkashindwa kumwamsha, mrudisheni mbio. Baada ya hapo aanze shughuli zake kidogo kidogo. Wengi hupona kwa wiki chache. Wengine huchelewa."

"Sasa daktari, kidonda kiko wapi?"

"Hakuna kidonda, mama."

"Hata cha kushona?"

"Hata cha kushona."

Mama alinipapasa utosi wote, akaupapasa tena, tukatoka. Njiani aligeuka mara mbili kunitizama kichwa. Nadhani alikuwa anatafuta la kuwaambia watu.

Mimi nikawa miongoni mwa wale wanaochelewa. Wiki zilipita na kazi ikaendelea. Kichwa kilikuwa kinauma kuanzia nyuma ya jicho la kulia, kikizunguka mpaka kisogoni na kurudi, kama mlinzi wa zamu. Jua la saa nne lilikuwa linaniingia machoni kama sabuni. Mashine ya juisi ya miwa, iliyopo njia ya pili, nilikuwa naisikia ndani ya meno. Nikisimama ghafla, ukumbi ulisimama baada yangu. Siku moja nilisahau neno "kijiko", nikamwambia mama anipe kile cha kunywea supu, na siku nyengine nililia muda mrefu kwa sababu ndara moja ilikuwa imepinduka. Ndara ilikuwa haina kosa, nami nilijua haina kosa, na nililia vile vile.

Lakini lililonitisha ni kusoma. Nikisoma mistari mitatu, wa nne unapanda juu ya wa tatu. Nilikuwa Kidato cha Nne, mwisho wa mwaka kuna mtihani, na mimi kipaji changu pekee ni kusoma. Kuimba siwezi, kusema na watu siwezi, kupika mama anasema tusizungumze. Nikikosa mtihani ule wenzangu watakwenda na mimi nitabaki darasani na wadogo zao. Hilo ndilo nililokuwa naliwaza kila siku, hata pale nilipoambiwa nisiwaze kitu.

Sasa niseme kuhusu sehemu ngumu ya kazi yetu, ambayo daktari hakuigusa. Ni wageni.

Mgonjwa kwetu hutizamwa. Huo ni wema na una thawabu zake, sikatai. Lakini mgonjwa wa kichwa anatakiwa kimya na chumba chenye kiza kidogo, na wageni wa Unguja wana vitu vyengine vyote isipokuwa hivyo viwili. Walikuja sita sita. Waliwasha taa wanione. Waliniuliza naumwa na nini, wakajibizana wenyewe, wakaulizana bei ya ngisi, wakapigiwa simu, wakanipa simu nimsalimie mtu wa Pemba ambaye simjui. Wakiondoka nilikuwa nalala chali na vidole masikioni.

Na walikuwa wanaondoka hawakuridhika. Mtu amevaa buibui lake zuri, amepita jua lote lile, akifika anakuta msichana hana hata plasta. Bi Asha, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa haoni sababu ya kulificha hilo.

"Hodi hodi! Yuko wapi mgonjwa?"

"Huyu hapa, karibu," mama akasema.

"Huyu? Mbona mzima!"

"Kichwa, Bi Asha. Kinamuuma ndani."

"Ndani wapi? Mie kichwa kinaniuma tangu nilipoolewa, na nnapika."

Akanigeuza kidevu kushoto na kulia, kama anayechagua papai. Halafu, akitoka, alimnong'oneza mwenzake kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka Darajani: "Mitihani hiyo, shoga. Mtoto anakimbia mitihani."

Mama alikuwa ameshika sinia ya vikombe. Aliiweka chini taratibu sana.

Asubuhi yake alikuja chumbani na kitambaa cheupe cha bafta, kirefu, alichokuwa amekikata kwa ajili ya kuchujia tui.

"Kaa nikufunge."

"Mama, daktari hakusema nifungwe."

"Daktari hakai Kiponda. Kaa."

Alinizungusha raundi saba, akakaza kwa pini. Nilikuwa nimevaa kidonda nisichokuwa nacho.

Wenzangu, lazima niseme ukweli: kilifanya kazi. Kuanzia siku ile wageni waliingia kwa kunyata. Bi Asha aliniona, akaweka mkono kifuani akasema, "Subhanallah, kumbe ni kubwa hivi!" Nilipata mito miwili. Nilipata uji wa ulezi. Kichwa kilikuwa kinauma vile vile, pengine zaidi kwa vile kilikuwa kimebanwa, lakini sasa kilikuwa kinauma kwa heshima. Bi Shirin, ambaye kwa ajili yangu alishuka ngazi zote kwa makalio, ngazi moja moja, aliponiona na bafta alilia upya. Kuanzia hapo akawa ananiteremshia bakuli kila Ijumaa kwa kamba mpya, nene kama ya kufungia ng'ombe. Kila Ijumaa ndani ya bakuli mlikuwa na mbatata. Za nazi, za kukaanga, za urojo. Sijui kama aliwahi kulifikiri hilo.

Baba ni mpishi wa hoteli Bwejuu na huja nyumbani mara moja kwa wiki. Alipokiona kilemba changu alimtizama mama, mama akamtizama yeye, na mazungumzo yakaishia hapo. Ila aliniletea saa ya jikoni, ile ndogo yenye umbo la yai, ya kuzungusha. Baba haamini kuwa kuna kitu duniani kisichopikwa kwa dakika. Mimi niliiweka tu chini ya mto wa kulalia. Sikujua kuwa nimekabidhiwa kifaa kikuu cha kazi.

Aliyenifundisha kukitumia ni Mjomba Haji, kaka yake mama. Anakaa Amani, anatengeneza mafriji, na zamani alikuwa golikipa wa timu ya mtaa wao. Yeye alikuja peke yake. Alizima taa kabla ya kukaa, akakaa chini, mgongo ukutani, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Mimi nikadhani amekasirika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usinyanyuke." Akanyoosha miguu. "Maneno yanakimbia?"

"Yanakimbia."

"Yatarudi."

Nilianza kulia, na safari hii ilikuwa na sababu kuliko ile ya ndara. Katika watu wote waliopita mlangoni, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza swali la kazini.

Akanieleza yake. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili alijigonga kichwa kwenye mwamba wa goli. Ijumaa ya pili yake akacheza tena, kwa sababu hakuwa na jeraha na timu haikuwa na golikipa mwengine, akagongwa tena na goti. Akakaa miezi hajui kusoma saa ya ukutani.

"Walisema Haji anaogopa mpira," alisema. "Mie siogopi mpira. Ulikuwa unakuja miwili, sijui nidake upi."

"Ukafanya nini?"

"Nikatoka golini. Nikenda kwenye mafriji. Friji halikimbii." Akanyoosha kidole kichwani kwangu. "Na hiki?"

"Mama kanifunga. Nikikivua hawaniamini."

Nilitaraji acheke au agombe. Alikigusa kitambaa kile kwa ncha ya kidole.

"Mie ningelikuwa nacho," alisema, "pengine ningebaki golini."

Kisha akaichukua ile saa ya yai, akaifunika kwa soksi ya baba ili isinipigie kelele, akanifundisha. Soma dakika tano. Yai likilia, funga kitabu, hata kama uko katikati ya sentensi na sentensi ni tamu. Lala kimya dakika kumi. Siku mbili zikenda salama, ongeza dakika moja. Zikienda vibaya, rudisha. Ufunge kitabu kabla kichwa hakijauma, kwa sababu kikishauma ushachelewa. Mambo ya kutembea pia ni hivyo hivyo: leo mpaka kwa kinyozi, wiki ijayo mpaka Forodhani, asubuhi mapema, na kofia pana ya ukindu. Na kila kitu ukiandike. Vifaa vyangu vyote basi vilikuwa hivi: yai, soksi, kofia, kanga mbili dirishani, na daftari. Wenzangu msidanganywe na vyengine.

Nikaanza. Nilikuwa naandika kwa mstari mmoja tu, kwa vile mistari miwili ilikuwa bado inapandana. *Dakika tano. Dakika tano. Dakika sita.* Kwa mtu aliyewahi kumaliza kitabu kizima kwa siku moja, ilikuwa kama kuila biriani kwa sindano. Siku nyengine nilitaka kulitupa yai dirishani, nikakumbuka kuwa chini wanapita watu.

Wakati mimi napanda kwa dakika moja moja, habari zangu zilikuwa zinapanda kwa kasi yake. Walimu watatu walikuja kunitizama. Waliiona bafta wakarudi skuli na habari zake. Salma, rafiki yangu wa darasani, ndiye aliyeniletea matokeo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akinong'ona kwa nguvu.

"We, ni kweli ubongo ulionekana?"

"Ulionekana na nani?"

"Sijui. Wanasema ukuta wa nyumba ndo ulokuangukia, ukapasuliwa spitali."

"Salma, zilikuwa mbatata."

"Mbatata?" Alikatishwa tamaa mpaka nikamwonea huruma. Halafu akainamisha uso. "Basi ungesema mapema. Mwalimu Mkuu kashatangaza mstarini. Kasema tukuombee dua, na mtihani utafanya mwakani. Kasema ni kwa kukuonea huruma. Jina lako analiondoa."

Nilikuwa nimefika dakika ishirini na mbili.

Siku ile sikulifungua daftari. Nilikaa kitandani na raundi saba za bafta kichwani, nikaelewa kuwa nimejivalisha mwenyewe kitu kitakachonirudisha nyuma mwaka mzima. Jioni nilimwambia mama kesho yake twende skuli. Mama aliuliza kama niende na kitambaa. Nikasema twende nacho, maana nilikuwa naogopa macho ya watu njiani.

Mwalimu Mkuu wetu ni mama mrefu, mkali, mwenye sauti ya kutuliza darasa lililoko ghorofa nyengine. Siku ile alikuwa mpole mpaka nikaogopa. Alinivutia kiti mwenyewe. Akafunga dirisha. Akasema, "Mwanangu, afya kwanza. Mtihani haukimbii." Orodha ya majina ilikuwa mezani kwake, chini ya chupa ya chai.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Nilikuwa nimeyaandika, nimeyakariri dakika tano tano. Nilipofungua mdomo hayakutoka. Basi nikafanya jambo pekee lililobaki: nilinyanyua mikono, nikachomoa pini, nikaanza kukunjua bafta. Wenzangu, raundi saba ni nyingi mno mtu akiwa anakutizama. Ilipofika ya nne niliona haya nikataka kurudisha. Ya mwisho ilidondoka mapajani. Chumba kikanuka mafuta ya nazi.

Mwalimu Mkuu alisimama, akazunguka meza, akanitizama utosini, akapasua nywele kwa kidole.

"Kidonda kimepona lini?"

"Hakikuwepo," nilisema.

Upole wote ukatoka nje kwa mlango. "Hakikuwepo. Kwa hiyo walimu wangu wamekwenda kutizama kitambaa. Skuli nzima imeomba dua kwa ajili ya kitambaa. Miezi hii yote wewe mzima?"

Dakika mbili kabla nilikuwa mgonjwa mno hata nisiweze kufanya mtihani. Sasa nimekuwa mzima mno hata nisiweze kuumwa. Katikati ya hayo mawili palikuwa na mimi, na palikuwa hapana kiti.

"Kesho uwe darasani," alisema. "Vipindi vyote, na masomo ya ziada ya jioni kama wenzako. Ukishindwa, unarudia mwaka, na safari hii si kwa huruma."

Vipindi vyote ni muda wa saa sita. Mimi nilikuwa mtu wa dakika ishirini na mbili. Nilijua nitaanguka kabla ya mapumziko ya chai, na nitakapoanguka watasema, si mnaona, kaanza tena.

Hapo mama akasema. Mama, ambaye hajawahi kukiri mbele ya mtu hata kwamba wali umeungua.

"Mwalimu, kitambaa nimefunga mie."

"Nimeshalijua hilo, mama, lakini mtoto—"

"Hulijui. Naomba nimalize." Alikuwa anakikunja kile kitambaa, ncha kwa ncha, kama nguo ya sikukuu. "Mtoto alinambia kinauma tangu siku ya kwanza. Hajabadilisha neno. Mie ndo nilotafuta kidonda nisikione, nikawaonea haya watu. Watu walisema anakimbia mtihani, na mie…" Akaukunjua mkunjo mmoja, akaukunja upya. "Mie nilidhani pengine kweli. Ndo nikamfunga. Kama ningemwamini nisingemfunga. Ukitaka wa kumrudisha mwaka, nirudishe mie."

Sikuwahi kulijua hilo. Nilidhani mama anawadanganya wageni kwa ajili yangu. Kumbe na yeye alikuwa mmoja wa wageni.

Nikalitoa daftari begini, nikalisukuma juu ya meza, kwa sababu lilikuwa ndilo linaloweza kusema. Mwalimu Mkuu alivaa miwani. Alianza kwa kupekua, halafu akapunguza mwendo, halafu akaketi. Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini. "Dakika tisa. Dakika kumi. Dakika kumi. Dakika nne, alikuja Bi Asha." Akafunua. "Dakika kumi na moja. Dakika kumi na tatu. Dakika tano, Bi Asha." Akafunua tena. "Sikusoma. Bi Asha na dada yake." Akanitizama juu ya miwani.

"Huyu Bi Asha ni nani?"

"Jirani," alisema mama.

"Akae mbali na mtoto huyu."

Niliona mdomo wake unacheza. Mtu anayedanganya, alisema baadaye, hujipa ushindi. Hakuna anayekaa miezi mitatu akidanganya kwa dakika sita. Akaichomoa orodha chini ya chupa ya chai. Jina langu lilikuwa limepigwa mstari kwa kalamu ya risasi, na yeye akaufuta mstari kwa kifutio, akapuliza uchafu. Masharti yalikuwa haya: vipindi viwili kwa siku mwanzo, kisha tuongeze, kiti cha nyuma, ukutani, mbali na dirisha, na nikichoka nilaze kichwa mezani, asinisemeshe mtu. Mstarini kesho yake alitangaza kuwa mgonjwa amerudi na kwamba zilikuwa mbatata. Niliitwa Mbatata mpaka mwisho wa mwaka. Niliona ni jina zuri kuliko maskini.

Sitawachosha na miezi iliyofuata. Ilikuwa ni dakika tu, zikipanda na kushuka, zaidi zikipanda. Mtihani niliufanya. Yai halikuruhusiwa chumbani, nikawa nahesabu kichwani, na kila baada ya muda nalaza uso mezani. Msimamizi mgeni alinigusa bega mara mbili akidhani nimelala. Swali la mwisho la historia sikulimaliza. Matokeo hayajatoka. Yakitoka vibaya, yatakuwa mabaya yangu mwenyewe, ya mwaka huu huu, pamoja na wenzangu. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Na Jumatano iliyopita nilikuwa kitandani na kitabu, nasikia mama ananiita kwa mbali. Alipoita mara ya tatu ndipo nikaitika, "Naam!"

"Umekufa huko? Alasiri ishaadhiniwa!"

Nilikuwa nimeanza baada ya adhuhuri. Nilipapasa chini ya mto kutafuta yai, halikuwapo. Mama alikuwa amelichukua jikoni kuchemshia mayai ya kweli, na mimi sikujua. Kichwa kilikuwa kimechoka, kama kinavyochoka kichwa cha mtu yeyote. Nikaandika tarehe kwenye daftari, na pembeni yake: *nimestaafu*. Hapakuwa na sherehe. Bafta nayo imestaafu, inachuja tui.

Ningemalizia hapo, lakini jana mama aliniambia nivae twende Mchangani. Kuna msichana wa miaka kumi na nne, Nasra, ameanguka ngazini, wiki ya pili sasa, na wanasema hana kitu. Tulipofika viatu mlangoni vilikuwa vingi kama msikitini. Ndani taa zinawaka, watu wanasema, na katikati yao, Bi Asha, anaeleza kuwa yeye kichwa kinamuuma tangu alipoolewa. Nasra amejikunja kwenye kochi, mkono juu ya macho.

Mimi huwa nasalimia kwa kichwa tu nikakaa pembeni. Jana nilisikia mtu anasema, "Samahanini. Naomba mtoke," na ilibidi wote wageuke kunitizama ndipo nijue ni mimi.

"Heh!" alisema Bi Asha. "Mbatata kapata ulimi!"

Lakini walitoka. Nilizima taa, nikakaa chini, mgongo ukutani. Nilikaa kimya mpaka nikamsikia anapumua vizuri.

"Maneno yanakimbia?" nilimuuliza.

Mkono ukaondoka machoni. "Yanakimbia."

"Yatarudi."

Nikatoa yai mfukoni, nililokuwa nimelirudisha ndani ya soksi ya baba, nikaliweka mkononi mwake. Nje ya mlango nilimsikia mama yake Nasra anamuuliza mama yangu, kwa sauti ya mtu aliyeuliza hivyo kwa watu wengi na kwa siku nyingi, sasa kidonda kiko wapi.

"Hakuna," mama alisema. "Mwamini hivyo hivyo."